Nimefuta vijiti vya mwani kwenye picha ya pwani. Nimedanganya?

SWALI: Assalaam alaykum. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Jambiani, na mimi ndiye ninayeposti picha zetu Instagram. Kwenye picha moja ya pwani nilitumia kifutio cha simu kuondoa vijiti vya mashamba ya mwani, nikaongeza na rangi ya bahari. Mgeni kafika, kakuta maji yamekwenda mbali, anasema tumemtapeli. Je, kuhariri picha ni udanganyifu? Na picha za kina mama wa mwani nilizopiga kwa simu, zinaonesha mahali walipo?

JIBU: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Rangi si tatizo lako kubwa. Simu yenyewe, kabla hujagusa kitu, imeshaamua bahari iwe bluu kiasi gani. Mimi hujiuliza hivi: mgeni akisimama pale pale nilipopigia, atakikuta kilichomo kwenye picha? Vijiti vya mwani atavikuta, kwa hiyo ukivifuta unamuuzia pwani isiyokuwepo. Mfuko wa plastiki ulioletwa na upepo ni jambo jengine, ingawa huo ni bora uuokote kabla ya kupiga.

Lakini hata usingefuta kitu, mgeni yule angelalamika, kwa sababu ya saa uliyopigia. Upande wenu wa mashariki pwani ni tambarare na mwamba uko mbali. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na kina mama huenda mashambani kwa miguu. Saa sita hivi baadaye mawimbi yako chini ya ukuta wenu. Wewe umeonesha maji yaliyojaa tu. Weka picha mbili kwenye posti moja na uandike wazi: “Maji yamejaa, saa 10 jioni” na “Maji yamekupwa, saa 4 asubuhi.” Bosi akiguna, mwambie wapo wageni wanaoipenda pwani ya kupwa, na mgeni aliyejua mapema haandiki malalamiko.

Tarehe nayo ina uzito huo huo. Sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilianguka Disemba 25, 2020. Mtu akiposti leo picha ya kabla ya siku hiyo bila kutaja mwaka, hajaandika neno la uongo, ila msomaji kaondoka na uongo. Picha ya zamani iandikie mwaka wake. Ukitumiwa picha usiyoijua asili yake, ipitishe kwanza Google Lens uone iliwahi kutokea wapi.

Sasa kina mama. Ndiyo, kama lokesheni ya kamera imewashwa, faili la picha hubeba ndani yake tarehe, saa na mahali hasa. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukituma kama dokumenti, zinakwenda zote. Instagram haiwaoneshi watazamaji, lakini kampuni yenyewe inaweza kuzisoma. Zima lokesheni kwenye mipangilio ya kamera, basi.

Kinachonisumbua zaidi ni ruhusa. Kumwambia “Bi, naomba nikupige picha” hakutoshi, maana atadhani ni ya kumbukumbu. Mwambie inakwenda kwenye tangazo la nyumba ya wageni na watu wasiomjua wataiona, kisha muoneshe kwenye kioo cha simu. Akikataa, ifute mbele yake. Watoto waombee ruhusa kwa wazazi, na usiposti sare yenye jina la skuli.

Picha za wageni wenu pia usizichukue tu kwenye kurasa zao. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na picha ni mali ya aliyeipiga hata kama kaipigia kwenye baraza yenu. Mwandikie ujumbe, akikubali taja jina lake, na usiikate pembeni ukaondoa alama yake.