Boksi la bia za msimu: najibu maswali yenu, na mengine hamkuuliza

Maswali yamejaa na nusu yenu mmeuliza kitu kilekile, so leo najibu haya halafu mnipe amani.

Swali: Binamu katoka Uingereza kaniletea boksi la bia za krafti, zile za viwanda vidogo, chupa 8, zote za msimu na kila moja ya aina yake. Naanza na ipi? (Ntinda)

Jibu: Anza na nyepesi umalizie na nzito. Lager, zile nyepesi za kila siku, na bia ya ngano kwanza, kisha ale, zenye ladha nzito kidogo, halafu zile chungu zenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na stout, ile nyeusi nzito, mwisho kabisa. Ukitangulia na stout ya asilimia 9 ulimi umeshachoka, lager utasema ni maji. Mbili tatu kwa jioni zinatosha, maji ya kunywa pembeni, glasi safi isiyo na mafuta ya nyama choma maana mafuta yanaua povu. Na nusa kwanza! Watu hamnusi, mnabugia chupani halafu mnaniandikia "ni kali". Kali vipi, chungu, chachu, ama inachoma koo?

Kingine hukuuliza: angalia tarehe. Bia ya hopsi nyingi harufu yake inapotea ndani ya miezi michache, zaidi kama ilikaa kwenye joto, so usiitunzie wageni. Stout nzito ndo inaweza kungoja.

Swali: Niweke kwa friza dakika ngapi?

Jibu: Hili tena. Usiweke kwa friza.

Swali: Mzee, mbona unatukataza baridi? Bia bila baridi si bia. (Mbale)

Jibu: Nani kakudanganya? Baridi kali inafunga ulimi na inafunga harufu. Kwa baa zetu mhudumu anauliza, baridi ama ya moto, na mzee wa pale kona akisema ya moto vijana mnacheka. Yule mzee anaonja bia, nyie mnaonja friji. Sisemi muiache kwenye joto la Kampala siku nzima, hapana, lager inataka nyuzi 4 mpaka 7 hivi na stout 10 mpaka 13. Huna kipimajoto? Toa stout kwa friji, iache mezani dakika 20 hivi, mimina nusu glasi unuse, ngoja, nusa tena. Mwanzo unapata kahawa iliyoungua basi, ikipata joto kidogo chokoleti inajitokeza, na kasoro kama ipo nayo inatoka. Sasa jiulize kwa nini bia mbovu inauzwa ikiwa barafu.

Swali: Nimenunua bia ya chupa ya kijani, inanuka kama kicheche. Imeharibika?

Jibu: Imepigwa na mwanga. Mwanga ukikutana na uchungu wa hopsi ndani ya bia unazaa kitu cha salfa, harufu ndo hiyo, na kwenye jua kali hata nusu saa haihitajiki. Chupa nyeupe haizuii kitu, ya kijani inazuia kidogo, ya kahawia afadhali, kopo halipitishi kabisa. Kuna duka moja njia ya kwangu wanapanga bia za bei dirishani jua la saa tisa likizichapa, nimewaambia, wakaongeza taa. Haitakuua, ila pesa imeenda.

Swali: Bia ya maboga ina boga kweli?

Jibu: Zingine ndiyo, zingine ni mdalasini, karafuu na kungumanga tu. Hata yenye boga, unachonusa ni viungo.

Swali: Uganda hatuna winta, bia za msimu zinatuhusu nini? (Soroti)

Jibu: Wewe wa Soroti ndo unaniuliza mimi? Kule Bavaria mwaka 1553 waliwekewa sheria, bia ipikwe kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Aprili tu kwa sababu kwenye joto ilikuwa inaharibika, so mwezi Machi wakapika ya mwisho, kali kidogo, wakaifungia kwenye mahandaki ya baridi ikawafikisha mpaka msimu wa kupika tena. Msimu ulikuwa lazima. Leo kuna mitambo ya baridi, msimu umebaki kwenye lebo mara nyingi.

Sasa rudi kwenu. Ulezi umevunwa, ajono, ile bia ya ulezi ya kwenu Teso, imeiva, chungu katikati na wazee wamezunguka na mirija mirefu, mtu anaongeza maji ya moto, povu linapanda na wote wanangoja kidogo kabla ya kuvuta tena. Maji ya kwanza nzito na chachu, ya tatu nyepesi, chungu ni kilekile. Hiyo ndo bia ya msimu na hakuna aliyewahi kuitia barafu. Hata kiwandani, bia ya Eagle inatumia mtama wa huku tangu 2002. So hawa wa krafti wa Kampala watuwekee ulezi ndani ya boksi, waache kutuuzia bia ya Krismasi yenye picha ya theluji.

Swali: Nikitia waragi, ile pombe kali yetu, kwenye stout itapata ile ladha ya bia iliyokomazwa kwenye pipa la wiski?

Jibu: Banange. Pipa linaipa bia mbao na vanila kwa miezi mingi, wewe utapata stout yenye waragi. Na kama ni ya jerikeni usiyojua ilipotoka usiiguse, mwaka 2010 huko Kabale methanoli, pombe ya sumu, iliua watu kwa makumi na pua yako haiwezi kuitofautisha.

Swali: Nikionja kidogo kidogo chupa zote naweza kurudi na boda yangu?

Jibu: Hapana. Chupa moja ya asilimia 10 ni sawa na mbili za asilimia 5 za ukubwa uleule, na bia za msimu wa baridi nyingi ziko huko juu. Lala hapohapo ama lipa boda wa mwingine.