Taa ya upepo inapepesa na mipira imejaa: usinunue sensa bado

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umesema kila ukiwasha gari taa ya upepo wa mipira kwenye dashibodi inapepesa, kisha inabaki imewaka, na fundi keshakwambia ununue sensa nne, vile vifaa vidogo vya kupima upepo ndani ya magurudumu. Subiri kwanza.

Huko kupepesa ndiko kwenye jibu. Taa ikiwaka tu bila kupepesa, kuna mpira umepungua upepo. Ikipepesa dakika moja hadi moja na nusu ndipo itulie, kwa gari nyingi maana yake mfumo wenyewe una hitilafu, na hata ujaze upepo vipi haitazimika.

Hata hivyo pima upepo, asubuhi, gari haijatembea. Kipimo kimo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyopigwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, usiifuate. Kibandiko kikisema kPa 230, hiyo ni psi 33 hivi, vyote ni vipimo vya upepo. Hapa Unguja, ukitoka Mjini hadi Nungwi, geji itaongezeka psi tatu au nne kwa joto, usiutoe huo upepo. Na taa hii huchelewa: sheria ya Marekani inataka iwake upepo ukishuka asilimia 25, yaani psi 33 mpaka 25 hivi. Geji ya mkononi bado ni lazima.

Sasa jua mfumo ulio nao. Dashibodi ikionyesha namba ya upepo wa kila gurudumu, kwa kawaida una sensa ndani ya rimu. Gari nyingine hazina sensa hizo kabisa: zinatumia za ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kukwama, zikilinganisha kasi ya magurudumu, kwa kuwa mpira uliopungua huzunguka upesi zaidi. Hapo sensa nne ungetupa pesa. Hizo zinataka kubonyezwa kitufe cha SET baada ya kujaza upepo sawasawa, na mipira yote iwe saizi moja.

Kama sensa zipo, ndani mna betri iliyofungwa isiyobadilishwa, ambayo hudumu miaka 5 hadi 10. Kwa gari ya mtumba, betri ndiyo ya kushukiwa mwanzo. Mwambie fundi mwenye kifaa cha kuamshia sensa akisogeze kwenye kila vali. Isiyojibu ndiyo mbovu. Badilisha hiyo. Tizama pia kama umefunga spea isiyo na sensa, maana taa itapepesa vilevile.

Kabla ya kulipa, uliza masafa ya redio ambayo sensa hutumia kuwasiliana na gari. Sensa za gari za Japani mara nyingi ni MHz 315, za Ulaya 433. Ukichanganya, gari haitaisikia hata ikiwa mpya.

Chumvi yetu ya bahari nayo inakula vali za alumini. Ukiona unga mweupe kwenye nati, usiilazimishe, shina litakatika. Paka maji ya sabuni kwenye sindano ya vali, chini ya nati na ukingoni mwa rimu, utizame povu. Sindano iwe iliyopakwa nikeli. Ya shaba tupu isiyopakwa huganda ndani ya alumini. Kifuniko kiwe cha plastiki. Kila mpira ukivuliwa, weka mpira mpya wa kuzibia vali, na mashine ianze kubandua mbali na vali, la sivyo sensa itavunjika.

Ukishafunga, sensa mpya isajiliwe kwenye gari, kisha endesha. Nyingi hulala gari ikisimama na huamka kwenye kilomita 30 au 40 kwa saa, kwa hiyo foleni ya Darajani haitoshi. Toka barabara ya Fumba, dakika 20 hivi, halafu tizama taa.