Begi nyepesi au begi jepesi? Na virago vina shida gani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mi na wenzangu watano tunaenda Zanzibar siku nne, kupumzika tu, tutalala Paje. Nikaandika kwenye grupu 'jamani fungasheni virago, kila mtu aje na begi nyepesi'. Mmoja kanicheka eti virago ni vya mtu aliyefukuzwa, mwingine kasema ni begi jepesi, wa tatu kauliza kwa nini tusiseme tu kupaki. Nani yuko sahihi?"

Jibu: Marahaba. Naanza na huyo wa kupaki, kwa sababu kupaki zimeingia mbili kutoka Kiingereza, moja ya kuegesha gari na moja ya kupanga vitu kwenye begi, kule ni maneno mawili tofauti ila huku yakaangukia sauti ileile, sasa mtu akikutumia meseji saa kumi na moja alfajiri "nimeshapaki" hujui yuko getini kwako na gari au bado yuko chumbani anahangaika na zipu. Sio kosa, watu wanasema kila siku, ila mi naandika "nimeshafungasha" na hakuna anayeniuliza mara mbili.

Na fungasha linajitosheleza. Fungasha nguo, fungasha mizigo, basi. Ukiongeza virago ndo maana inageuka, mwenzako alikuwa sahihi kabisa hapo. Kirago ni mkeka, ule ambao msafiri wa zamani alitandika akalala, kwa hiyo aliyekunja kirago chake hakuwa na mpango wa kulala tena pale. Ndo maana timu ikitolewa kwenye mashindano magazeti yanaandika imefungashwa virago, na mpangaji aliyeshindwa kodi anaambiwa afungashe virago vyake. Nyie mnaenda Paje siku nne na mnarudi makwenu, neno hilo ni zito mno.

Begi ni jepesi. Begi langu, begi lile, begi jepesi, mabegi mepesi. Naelewa nyepesi inatoka wapi, maneno mengi ya kukopa yanakaa kundi moja na nguo, soksi, simu na feni, sikio likishazoea nguo nyepesi na soksi nyepesi linataka na begi liingie humohumo, na Kenya utasikia kabisa "begi yangu". Ukiandika vizuri rudisha li, yaani begi limejaa, si begi imejaa. Mzigo mwepesi, mizigo myepesi, viatu vyepesi, kitambaa chepesi, shati jepesi: hii -epesi inabadilika sura kuliko vivumishi vingi, na mi naona ni uzuri, maana hata ukikata jina msikilizaji anajua unasema nini. Mtu akikuuliza "mashati au viatu?" ukajibu "vyepesi tu", umemaliza.

Kuna mtu ataandika "tusafiri wepesi". Kisarufi iko sawa, wepesi ni sisi watu, ila mtu mwepesi kwa Kiswahili ni mwenye haraka, mwepesi wa kusahau, mwepesi wa hasira, begi lake haliingii hapo. Sema "tusiwe na mizigo mingi".

Halafu kuna jambo hukuuliza ila kama kwenye hao watano kuna wa Mombasa litakukuta. Mdogo wangu aliwahi kualikwa Mombasa na rafiki yake, akaambiwa "usibebe nguo nyingi, njoo na leso mbili zitatosha", akafika na vitambaa viwili vya kufutia jasho vimekunjwa vizuri mfukoni, kumbe kule leso ndo kanga! Akapelekwa dukani jioni ileile kununua doti. Na ushauri wenyewe ulikuwa mzuri, kanga doti moja ni vipande viwili, kimoja unajifunga ukitoka kuoga baharini, kingine unajitanda ukipita mtaani ambako watu wanaishi na wanapenda ujisitiri, jioni upepo ukija unajifunika, inakauka haraka na kwenye begi haichukui nafasi. Kwa hiyo kwenye grupu andika kanga, na kama kuna Mmombasa weka mkwaju "kanga/leso".

Viatu nako hivyohivyo, wewe utasema ndala, mwingine malapa, mwingine patipati, ila kandambili wengi wanaielewa kwa sababu inajieleza yenyewe, ni kanda mbili, ule ukanda wa kulia na wa kushoto unaokutana kwenye kidole gumba.

Ningekuwa wewe ningetuma hivi: "Jamani fungasheni leo, kila mtu begi moja jepesi, kanga, kandambili, na nguo nyepesi."