Umekosa boti ya Gombe? Tembea kutoka stesheni hadi Kibirizi

Wageni wangu wengi wakishuka Kigoma wana swali moja tu: boti ya kwenda Hifadhi ya Gombe inaondoka saa ngapi? Nikiwaambia ya leo imeshawaacha, wananuna kana kwamba nimeificha mimi. Basi huwa nawapeleka matembezi. Ni kama kilomita 3, kutoka stesheni ya reli hadi Kibirizi, kwa wavuvi wa dagaa, unaizunguka ghuba taratibu. Hakuna mlima wa kukutoa roho. Mama mkwe wangu aliutembea mwendo huu na mwavuli wake, akawa anasimama kusalimia kila mtu, na bado tulitumia saa moja na nusu tu.

Mara yangu ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilitoka saa saba mchana, jua la utosi, miguuni kandambili. Nikaona niwe mjanja, nikakatiza pembeni ya reli kwenye kokoto. Kokoto za reli zikishapata moto ni kikaango, na ukanda wa kandambili ulikatika kabla sijafika hata katikati. Nilirudi mjini kwenye bodaboda, mguu mmoja mtupu. Kwa hiyo: viatu vya kufunga, maji ya kunywa, na uwe umeanza saa moja asubuhi, saa mbili ukichelewa sana. Kaa barabarani, reli itazame kwa pembeni. Bado ni reli ya kazi ile.

Anzia stesheni, pale chini Barabara ya Lumumba inapoishia. Usipite tu. Jengo ni la Wajerumani, na ndilo linaloifanya Kigoma iitwe mwisho wa reli. Ujenzi ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912, na Februari 1914 ukafika hapa kwenye Ziwa Tanganyika. Hesabu mwenyewe: Agosti mwaka huohuo Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza. Waliomaliza reli hawakupata hata mwaka mmoja wa kuitumia kwa amani.

Ukiwa hapo fikiria mzigo mmoja. Meli nzima ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni. Mafundi wakaiunga tena hapa Kigoma, ikaingia majini tarehe 5 Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, Julai 1916, Wajerumani walipoona mji unawaponyoka waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nzito. Mtu anayeitupa mashine haipaki grisi! Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua sote, Liemba.

Mimi nikiwa na wageni siwaambii kwamba tunaenda kuona magofu. Ni kweli utaona vyuma vilivyoota kutu, behewa ambalo nyasi zimemea mpaka madirishani, reli za pembeni zinazopotelea mchangani. Ila Kigoma chuma kuukuu hakihesabiwi kuwa kimekufa. Kinahesabiwa kuwa kinasubiri spea. Kuna siku niliinama kwenye kipande cha reli kilichotupwa pembeni, nikasugua kutu kwa kidole gumba, zikajitokeza tarakimu mbili za chapa ya kiwandani, 1 na 9. Zilizobaki zimeliwa. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta nini hapo, bwana mdogo?"

"Naangalia mwaka tu, mzee."

"Mwaka! Wewe angalia taruma. Lile la chuma lile. Nani atakutengenezea lingine namna hiyo?"

Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Tangu siku ile huwa naangalia mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli.

Kuhusu picha, usiinue simu ovyo karibu na bandari na miundombinu ya reli. Muulize askari kwanza. Akikataa, kubali, usianze kumweleza habari za intaneti. Bandari yenyewe utaiona kwa mbali, na inatosha. Eneo hilo lina kisa chake: mwaka 1921 Waingereza waliwakubalia Wabelgiji wawe na gati lao hapa kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Siku hizi chumba kimoja cha kupanga Mwanga, hapahapa mjini, kwa kodi hiyo hata ufunguo hupewi.

Ukikaribia Kibirizi pua itakuambia. Dagaa. Hapa ndipo mipango yako ifuate mwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa na taa haishindani na mbalamwezi. Njoo siku za giza, ufike asubuhi mitumbwi ikirudi. Siku za mwezi mpevu utakuta akina mama wamekaa wanasukana. Angalia kalenda pia: mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, kwa hiyo miezi hiyo ulizia kabla hujatoka.

Miaka hii ya karibuni ziwa limepanda. Utaona kuta zimesimama ndani ya maji, mahali palipokuwa uwanja wa mtu. Kapicha kako kazuri, lakini mwenye ukuta anaweza kuwa ndiye huyo anayeanika dagaa nyuma yako. Msalimie kwanza.

Usivue viatu ukaingia majini hapo, hata maji yakionekana kioo. Kando ya makazi kichocho kipo. Hamu ya kuogelea ipeleke upande wa Katonga na ufukwe wa Jakobsen, ni safari nyingine hiyo.

Kurudi mjini chukua bajaji. Na kama umenunua dagaa, shika wachache, wapindishe: mkavu hukatika kwa mlio, mbichi hupinda tu. Wafunge kwenye gazeti kwanza, halafu mfuko, halafu mfuko mwingine. Nauli ya bajaji patana kabla dereva hajausikia mzigo wako.