Tovuti iko hewani, barua zinarudi: maswali yenu kuhusu DNS ya kinyume

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaopangisha tovuti za wateja. Karibu yote yanaanzia kwenye barua pepe zinazokataliwa, na kwa mwenye biashara barua iliyokataliwa ni oda iliyopotea. DNS ni mfumo unaogeuza jina la domeini kuwa anwani ya namba; DNS ya kinyume hutoka kwenye anwani kurudi kwenye jina, kwa rekodi iitwayo PTR. Nimeyajibu haya matano.

Shikamoo mwalimu. Nimemfungulia mteja VPS (seva pepe ya kukodi). Tovuti inafunguka vizuri, lakini kila barua anayotuma kwenda Gmail inarudi na kosa 550-5.7.25. Nimeweka rekodi ya PTR kwenye zoni ya domeini yake na bado hali ni ileile. Nimekosea wapi? (Fundi, Mwanza)

Marahaba. Umeandika kitu sahihi mahali ambapo hakuna anayekisoma.

Zoni ya domeini, yaani orodha ya rekodi zake za DNS, hujibu swali moja: jina hili liko kwenye anwani gani? Gmail inapopokea barua kutoka seva yako inauliza kinyume chake: anwani hii inaitwaje? Tuseme seva yako ni 203.0.113.25. Namba zinageuzwa, ya mwisho inatangulia, na swali linakuwa 25.113.0.203.in-addr.arpa. Linaanzia kwenye mzizi wa DNS, linashuka hadi kwa shirika linalogawa anwani za eneo husika, kisha kwa kampuni iliyopewa bloku hiyo. Kwa Afrika shirika hilo ni AFRINIC, lenye makao Mauritius. Kama VPS yako iko Ujerumani, ni RIPE NCC ya Amsterdam. Njia nzima hiyo haigusi domeini ya mteja wako hata mara moja.

Kwa hiyo mwenye kauli ni mwenye anwani. Mteja ana jina, lakini anwani ameikodi kwa kampuni ya VPS kupitia kwako. Ingia kwenye dashibodi ya kampuni hiyo utafute sehemu ya rDNS, yaani DNS ya kinyume. Kwa DigitalOcean hutaona kisanduku cha kuandika PTR. Jina unaloipa dropleti (ndivyo wanavyoziita VPS zao) ndilo linalogeuka PTR, basi ipe jina kamili kama mail.dukalako.co.tz. Pale ambapo dashibodi haina sehemu hiyo, fungua tiketi. Iandike kwa mstari mmoja: anwani hii, jina hili.

Fuata mpangilio huu. Kwanza weka rekodi ya A, ile inayotaja anwani ya jina, ya mail.dukalako.co.tz ielekee 203.0.113.25. Kisha omba PTR; Linode, kampuni nyingine ya VPS, kwa mfano, hukagua kama jina tayari linaelekea kwenye anwani kabla ya kukubali. Mwisho hakikisha seva ya barua inajitambulisha kwa jina hilohilo inapotoa salamu ya HELO. Kwenye Postfix, programu ya seva ya barua, ni mstari wa myhostname. Anwani itoe jina, na jina lirudi kwenye anwani ileile. Kosa 550-5.7.25 lina maana kwamba mojawapo ya pande hizo mbili imekatika, na wengi huikagua ya kwanza tu.

Tangu Februari 2024 Google inalitaka jambo hili kwa kila anayetuma barua kwenda Gmail, hata anayetuma tatu kwa siku. Wanaotuma 5,000 na zaidi kwa siku wamewekewa masharti mengine juu ya hilo. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba biashara yake ni ndogo mno kuhitaji PTR.

Habari yako. Niko na wateja 80 kwenye seva moja yenye anwani moja. Mmoja anasisitiza PTR iwe na jina la kampuni yake. Nikiongeza PTR 80 kwenye anwani hiyo kuna shida? (Nairobi)

Iko shida, tafadhali usifanye hivyo. Anwani moja inatakiwa kuwa na PTR moja, na kwa seva ya wengi jina hilo liwe la seva yenyewe, mfano s3.kampuniyako.co.ke. Ukiweka 80, jibu la DNS linakuwa kubwa kupita kiasi, na programu nyingi huchukua jina moja tu kati ya hayo, ambalo huenda lisiwe la mteja anayetuma barua kwa wakati huo.

Mweleze mteja wako hivi: anayepokea barua haangalii kama PTR inafanana na jina lililo baada ya alama ya @. Anaangalia kama seva ina jina la kweli. Kuthibitisha kwamba seva hiyo imeruhusiwa kutuma kwa niaba ya kampuni yake ni kazi ya SPF na DKIM, na hizo zinakaa kwenye domeini yake mwenyewe, kwa hiyo hapo anapata jina lake bila kumpokonya mwingine. Akiendelea kusisitiza, muuzie anwani ya peke yake. Ni ombi halali, na lina bei yake.

Kampuni niliyokodi seva imeshaweka PTR yenyewe, jina refu lenye namba za anwani ndani yake. Si inatosha? (Dar es Salaam)

Kwa tovuti, ndiyo. Kivinjari hakiulizi PTR kabisa. Kwa barua pepe, ibadilishe. Majina ya namna hiyo hufanana na yale ya laini za majumbani, ambako kompyuta zilizoambukizwa virusi zimetuma barua taka kwa miaka mingi, na seva nyingi zimefundishwa kuyatilia shaka.

Ofisi yetu imepewa anwani 16 na mtoa huduma wa faiba. Tunataka kusimamia DNS ya kinyume wenyewe badala ya kufungua tiketi kila mara. Inawezekana? (Arusha)

Inawezekana, ingawa lazima mtoa huduma akubali. Ugumu ni kwamba in-addr.arpa hugawanyika kwenye nukta, kwa hiyo kipande kidogo kabisa kinachokasimiwa kirahisi ni cha anwani 256. Ninyi mna 16. Njia ya kulizunguka tatizo hilo iliandikwa mwaka 1998 katika waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 2317: mtoa huduma anaweka CNAME (rekodi inayolielekeza jina moja kwenye jina jingine) kwa kila moja ya anwani zenu 16, ikielekea kwenye zoni ndogo iliyo kwenye seva zenu za DNS, na humo ndimo mnaandika PTR. Mkifika huko, msisahau nukta mwishoni mwa kila jina ndani ya faili la zoni. Bila nukta, seva itaongeza jina la zoni mwishoni mwake, na mtapata mail.ofisi.co.tz ikifuatwa na jina la zoni linaloishia in-addr.arpa. Ila kama anwani zinazotuma barua ni mbili tu, ushauri wangu ni kufungua tiketi mbili na kuendelea na kazi nyingine.

Barua zangu kwenda Gmail zinafika leo, kesho zinarudi. PTR ipo na nimeihakiki mara kumi. (Mombasa)

Tazama IPv6, aina mpya ya anwani inayotumika pamoja na ile ya zamani, IPv4. Tatizo hili liliwahi kunilaza macho siku mbili, huku shule moja niliyokuwa naihudumia ikishindwa kuwafikishia wazazi taarifa za kufungua muhula. Seva ilikuwa na anwani za aina zote mbili. PTR niliiweka kwenye IPv4 peke yake, na barua zilizopitia IPv6 zote zilikataliwa. Waliohangaika ni wazazi, kwa uzembe wangu.

Weka PTR kwenye IPv6 pia, na rekodi ya AAAA (ndiyo A ya upande wa IPv6) ya jina hilohilo. Usijaribu kuigeuza kwa mkono, kwa sababu ni tarakimu 32, kila moja na nukta yake, chini ya ip6.arpa. Amri ya dig -x itakugeuzia yenyewe. Kama mtoa huduma wako hatoi PTR ya IPv6, andika inet_protocols = ipv4 kwenye Postfix, uianzishe upya, na barua zitapita njia moja.

Ukimaliza, hakiki ukiwa nje ya seva: dig -x kwa kila anwani, kisha dig ya jina lililorudi, ya A na ya AAAA. Jibu la zamani likiendelea kutokea, ngoja muda wa TTL, yaani muda ambao jibu huhifadhiwa, uishe kabla ya kubadilisha chochote. Nami siku hizi, kabla sijamkabidhi mteja nywila, namtumia barua kutoka kwenye seva yake mpya na kusubiri aniambie imeingia kwenye kikasha chake.