Barua kwa mwanangu: swali ni letu, jibu si letu

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Tukuyu hatujambo, mvua haijakatika na chai inachumwa. Umeniuliza, kwa ajili ya tasnifu yako, kama kupima katika fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, kunafanana na yale maneno ambayo mwanafalsafa John Austin, katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1955, alisema hayaelezi jambo bali hulitenda. Mfanano upo, ila hauendi mbali.

Mchungaji wetu anapowatangaza wawili kuwa mume na mke, haripoti ndoa iliyokuwapo. Anaifunga kwa kauli yake. Sasa zitazame atomu za fedha, ambazo wanafizikia Otto Stern na Walther Gerlach walizipitisha katika uga wa sumaku usio na nguvu sawa kila mahali huko Frankfurt mwaka 1922, zikagawanyika mafungu mawili badala ya kutapakaa mfululizo. Chukua fungu la juu peke yake, ulipitishe katika sumaku ya pili iliyolazwa ubavu: nusu zitakwenda kushoto na nusu kulia. Kisha za kushoto zipitishe katika sumaku iliyosimama kama ile ya kwanza. Ungetarajia zote ziende juu, maana zilikwisha kuchujwa. Lakini nusu huenda juu na nusu chini. Kipimo cha katikati hakikusoma hali ya atomu tu, kiliibadili.

Hata hivyo, mchungaji anajua atakalotamka, na taratibu zikifuatwa ndoa imefungwa. Mpimaji huchagua swali, yaani namna ya kuilaza sumaku. Jibu halimo mikononi mwake, na nadharia humpa uwezekano wa kila jibu, basi. Ndiyo maana siukubali kabisa usemi kwamba kwa kutazama tunauumba ulimwengu tuutakavyo.

Mwenzi wa kweli wa jambo hili namwona kwa mwanafalsafa Gottlob Frege, aliyeonya mwaka 1884 kwamba maana ya neno isitafutwe neno likiwa peke yake, bali ndani ya sentensi. Mwaka 1967 wanahisabati Simon Kochen na Ernst Specker walithibitisha kwamba, kwa mfumo wenye angalau matokeo matatu yanayotofautishika (spini ya atomu moja ya fedha, yaani ile sifa iliyozigawa juu na chini, yenye matokeo mawili, haitoshi), haiwezekani kuipa kila sifa inayopimika thamani ya tangu awali, isiyotegemea vipimo vingine vinavyofanywa pamoja nayo, bila kuvunja mahusiano ambayo nadharia yenyewe inayadai. Kwa hiyo kuuliza thamani ya sifa hiyo bila kutaja kipimo kizima ni kuuliza nusu ya swali.

Mwanafizikia Niels Bohr alishikilia kwamba vyombo na matokeo lazima vielezwe kwa lugha ya kawaida, ili tuweze kuambiana tulichofanya na tulichojifunza. Namwelewa, lakini namuunga mkono zaidi mwanafizikia mwenzake John Bell, aliyelalamika mwaka 1990 kwamba hakuna anayesema bayana kinachopimwa kinaishia wapi na chombo kinaanzia wapi, ilhali chombo nacho ni atomu zilezile. Mpaka huo unawekwa na maumbile, au na namna yetu ya kusema? Ningependa tasnifu yako ilishughulikie hilo, uliache lile la kuumba ulimwengu kwa kutazama.

Mimi baba yako.