Jibu: Python inagoma baada ya kuunganisha kodi zetu mbili

Ndugu yangu wa Jinja, unasema umeunganisha kodi yako (maandishi ya programu, kwa lugha ya Python) na ya mwenzako, mistari imenyooka vizuri, lakini Python 3 inakutupia TabError, yaani kosa la kuchanganya tabo na nafasi mwanzoni mwa mistari. Macho yanakudanganya. Mwenzako alibonyeza kitufe cha tabo (ukiiita tabu hukosei), wewe ukapiga nafasi nne nne. Kwenye skrini vinafanana, kwa Python ni vitu viwili tofauti.

Kama kompyuta yako inatumia mfumo wa Linux, kwanza zione hizo tabo kwa amri hii (kazi.py ni faili yako ya kodi):

cat -A kazi.py

Penye ^I ndipo pana tabo. Kisha tengeneza faili mpya, mpya.py, yenye nafasi nne badala ya kila tabo:

expand -i -t 4 kazi.py > mpya.py

Hiyo -i usiisahau: inabadilisha tabo za mwanzo wa mstari tu, zilizo katikati zinabaki. Na tafadhali, jina la faili lisiwe lilelile pande zote mbili za >, maana faili inafutwa kabla hata haijasomwa. Mimi nilipoteza kazi ya usiku mzima hivyo, tena usiku wenyewe umeme ulikuwa wa kuvizia.

Ukikuta mistari imepishana, huenda mwenzako alipanga tabo kwa upana wa 8. Jaribu -t 8 badala ya -t 4.

Ila Makefile (faili ya maagizo ya programu ya make) usiiguse. Ile inadai tabo.